Nilivyomzeesha Mpima Pamba

Shule niliiacha darasa la tano, na si kwa upungufu wa akili. Mwalimu alinikuta nikichonga uso wake kwenye dawati kwa ncha ya bikari, na uso ulifanana. Ningekuwa nachonga jina langu angenichapa viboko viwili tukaendelea na hesabu. Lakini alijiona mwenyewe pale, na pua yake yote, akamwita baba yangu. Baba alitazama dawati, akamtazama mwalimu, akalitazama tena dawati, akashindwa kujizuia kucheka. Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia. Naanza na jambo hili ili asije akatokea mtu kesho akasema kazi ninayoifanya alinifundisha yeye.

Nina kibanda changu Buzuruga, nyuma ya stendi, upande wa wauza vipuri vya baiskeli. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilichonga mihuri: ya shule, ya zahanati, ya wenyeviti wa mitaa, ya makanisa mawili yaliyogawanyika kwa ugomvi na yote yakaja kwangu wiki moja, kila moja likitaka muhuri mkubwa kuliko wa mwenzake. Niliyachongea yote sawasawa, kwa rula. Kisha zikaja mashine za kutengeneza mihuri kwa kompyuta, na mafundi wenzangu wakakimbilia kuuza vocha. Mimi sikukimbia. Nilisema mashine inaweza kuandika, lakini kumtazama mtu haiwezi. Nikahamia kwenye nyuso.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu ana picha ya rangi iliyochorwa kwa brashi na mchoraji wa zamani, ya babu yake au ya mama yake. Iko moja tu, na wanaoitaka ni wengi. Mimi naihamishia kwenye mti. Nachukua gogo la mchungwa au mpera nalikata vipande kama unavyokata muwa, si kama unavyopasua ubao wa mlango, ili uso wa kibao uwe ule wenye duara za miaka ya mti. Upande huo ni mgumu na hauna nyuzi za kuvuta chuma pembeni. Nausugua mpaka uwe laini kama sahani. Kisha nachora uso kinyume, kwa kuitazama picha kwenye kioo, nachonga, napaka wino, naweka karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Karatasi ikibanduka, mtu yule yupo. Ukitaka wa pili, yupo. Ukitaka mia, wapo.

Vyuma vyangu ni spoki za baiskeli nilizozinoa mwenyewe, na mipini yake ni magunzi ya mahindi. Watu wakiviona hucheka. Wakiiona kazi huacha.

Kuna jambo moja la kuelewa, na hapa naomba msomaji mwenye digrii anivumilie. Kwenye kibao, unachokiacha ndicho kinachotoka cheusi, unachokichonga ndicho kinachotoka cheupe. Mchoraji wa brashi akikosea anapaka rangi juu ya kosa, maisha yanaendelea. Mimi nikikosea, nimekosea. Kila mkwaruzo ni mwanga, na mwanga ukishauingiza huutoi tena. Hilo nililijua kwa kutazama noti. Uso ulio kwenye noti haukupakwa, ni mistari mitupu, mingine minene, mingine kama unywele wa mtoto mchanga. Nilikaa mwaka mzima na noti na kioo cha kukuzia, mpaka jirani yangu wa vipuri akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama nina ndugu yeyote polisi. Mke wangu naye akasema hajawahi kuona mwanaume anayetazama hela kutwa nzima halafu jioni anaomba ya dagaa.

Basi, sifa ziliponizidi, ndipo akaja bi mdogo.

Alikuja kibandani asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na kitu kutoka Pasiansi, kitenge kimekaa vizuri, mkoba kwapani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda kabla sijamkaribisha na kuanza kukagua nyuso nilizobandika ukutani.

"Hawa wote umewachonga wewe?"

"Wote, mama. Kanda hii hakuna mwingine."

"Kanda hii inaishia wapi?"

"Bukoba huko. Na Musoma."

"Sengerema imo?"

"Imo."

"Basi nenda Sengerema, fundi. Mume wangu yuko huko kwa mke mwenzangu, amening'inia ukutani."

Nikaacha kunoa. Akanieleza, na ninamshukuru alieleza kwa mpangilio, maana wateja wengi wa misiba huanzia katikati. Mume wake alikuwa mpima pamba, tangu zamani za mizani kubwa za vyama vya ushirika. Alikuwa na wake wawili. Bi mkubwa aliolewa ujanani, yuko Sengerema kwenye nyumba ya ukoo. Yeye, bi mdogo, alimkuta mzee ameshaota mvi. Mzee akaishi Pasiansi miaka yake ya mwisho, karibu na hospitali, akafia huko, akavushwa kwenda kuzikwa kwao. Siku bi mdogo anarudi kutoka mazikoni, hapo hapo stendi ya Buzuruga, kijana akampokonya simu. Picha zote za mzee zilikuwa kwenye simu ile. Kitambulisho chake walikichukua watoto kwa ajili ya mambo ya mirathi.

"Nimebaki na viatu vyake," alisema. "Viatu havina uso."

Nikamwambia pole.

"Sikufuata pole, nimefuata uso. Mwanzoni nilikuwa nikifumba macho, namwona. Juzi nimefumba macho, akachelewa kuja." Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Akichelewa hivyo mara mbili tatu zaidi, hatakuja kabisa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Picha iliyobaki duniani ni moja, ya rangi, imechorwa na mchoraji wa mabango wakati mzee yuko kijana, na iko sebuleni kwa bi mkubwa. Nikamuuliza kwa nini asimwombe mtu aipige kwa simu tu na kuitoa kwenye karatasi. Nikiandika swali hili najishangaa, maana nilikuwa naufukuza mkate wangu mwenyewe. Bi mdogo akacheka. Wajukuu wa Sengerema waliwahi kuipiga, wakaituma kwenye kundi la ukoo, mmoja akaandika chini yake kwamba babu amevaa tai kama ng'ombe wa maonesho. Bi mkubwa alisomewa, akaamuru ifutwe kwenye simu zote. Tangu siku hiyo simu haielekezwi kwenye ukuta ule.

"Nimeongea naye jana," akasema. "Tunaongeaga kila Jumapili, tunagombana kidogo, tunasalimiana, tunakata. Amesema kama ni mtu wa mkono, aje. Aje na mikono, simu asije nayo."

"Wewe huji?"

"Nikienda tutaongea, na kazi haitafanyika. Nenda wewe. Umeniambia kanda yote hii ni yako."

Nikapanda kivuko cha Kamanga na kibao kimoja cha mchungwa, kikubwa kama kiganja changu kikikunjuliwa, spoki sita, wino, kijiko, na kifuko cha ngozi chenye mchanga wa ziwani ambacho nitakieleza baadaye. Abiria mmoja aliniuliza kama nakwenda kufunga mita za umeme. Nikamwambia nakwenda kumtoa marehemu ukutani. Hakuniuliza kitu kingine mpaka ng'ambo.

Bi mkubwa alikuwa amekaribia themanini, mwembamba, mgongo umenyooka kama amekatazwa kuinama. Alinisalimia kwa Kisukuma, mwadila, nikaitikia, akaniuliza miaka yangu. Nikasema hamsini na miwili.

"Basi niite bibi, nipate ruhusa ya kukutania," akasema. "Ungesema sitini ningelazimika kukuheshimu. Simu iweke pale juu ya Biblia. Hapo itatulia."

Nikaiweka. Ndipo akanionyesha picha.

Nitasema ukweli kama fundi. Mchoraji yule alikuwa anajua. Rangi zilikuwa zimepasuka pembeni na buluu ya ukuta wa nyuma imegeuka kijani, lakini uso ulikuwa mzima. Kijana wa miaka thelathini, koti, tai nyekundu, nywele zimechanwa zikakatwa njia pembeni, na mashavu yamejaa kama maandazi yanayotoka kwenye mafuta. Jicho lilikuwa la mtu anayejua uzito wa mzigo kabla hajaupandisha kwenye mizani. Nilimwambia bibi kwamba mchoraji amemsifu kidogo mteja wake.

"Hakumsifu. Alikuwa hivyo. Tai nilimfunga mimi, yeye kitanzi alichokijua ni cha ndama." Akakaa kwenye kiti chake mbele yangu, sinia la karanga mapajani. "Sasa sikia, mjukuu. Mwenzangu atapata karatasi moja. Kibao kitabaki hapa kwangu. Sitaki mume wangu achapwechapwe kama tangazo la mnada."

"Karatasi moja inatosha, bibi. Karatasi yangu moja ni sawa na mia za mwingine."

"Mdomo unao," akasema. "Tuone mkono."

Siku ya kwanza nilihamisha picha. Kioo niliegemeza kwenye kabati, picha ikajitazama humo, na mimi nikachora kwenye kibao kile nilichokiona kiooni, kinyume, ili karatasi ije kukinyoosha. Mafundi wengi wa mihuri hufikiri uso hauna kushoto wala kulia, hivyo hawajisumbui, na ndiyo maana kuna mchungaji mmoja mjini ambaye kwenye kalenda ya kanisa lake anabariki watu kwa mkono wa kushoto. Si kazi yangu ile. Siku ile ya kwanza bibi alinilisha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai, akatazama mchoro wangu, akasema tu, "Endelea." Kwa mwanamke yule, hiyo ilikuwa medali.

Siku ya pili nikaanza kuchonga. Hapa ndipo penye kile kifuko cha mchanga. Kibao hukaa juu ya kifuko, na mkono wenye chuma hautembei. Mkono unatulia, kibao ndicho kinachozungushwa polepole kwa mkono mwingine, kama unavyozungusha chungwa unapolimenya. Hivyo ndivyo unavyopata mstari unaopinda na shavu. Sheria ni moja tu: macho hayatoki kwenye ncha ya chuma. Nimewaambia watu wengi sheria hiyo.

Nilimaliza koti, nikamaliza tai, nikamaliza jicho moja na kulipatia, nikaona bibi ananyoosha shingo kutazama. Nikaingia kwenye shavu.

"Ulisema umesoma mpaka wapi?" akauliza.

"La tano, bibi."

"Na haya umeyajulia wapi?"

Swali kama hilo ukiniuliza mimi ni sawa na kumwonyesha mbuzi mahindi. Nikaanza kumweleza. Nikamweleza habari za noti. Nikamweleza jinsi mhandisi mmoja mwenye digrii mbili alivyokuja kibandani kwangu akaomba nimfundishe kunoa spoki, akashindwa, akaondoka na kidole kimefungwa kitambaa. Ulikuwa mkasa mzuri, na nilipofika kwenye kidole nikainua macho kuona kama bibi anacheka.

Alikuwa anacheka. Na chuma kilikuwa kinatembea.

Kilianzia pembeni ya pua, kikateremka mpaka kwenye kona ya mdomo, taratibu, bila haraka, kama kinajua kinakokwenda. Nilipotazama chini, shavu lile la andazi lilikuwa na mfereji. Bibi hakuona, maana kibao ambacho hakijapakwa wino huwezi kukisoma kama hujazoea. Aliendelea kumenya karanga.

Niseme nilichofanya. Nilifanya kile ambacho kinyozi hufanya akikosea upande mmoja wa ndevu. Nilichonga mfereji mwingine upande wa pili ili usawa uwepo. Upande wa pili ukatoka mrefu kidogo, nikarudi wa kwanza nikaurefusha. Sasa mdomo ukawa umebanwa katikati ya mifereji miwili kama mtu anayezuia neno, na paji la uso lililo tupu juu yake likaonekana geni, la mtu mwingine. Nikalipa mistari mitatu, myembamba sana, ili lifanane na huko chini. Macho nayo yakabaki peke yao kama ya mtoto kwenye uso wa mkubwa, nikayawekea mikunjo pembeni. Mwisho kichwa. Nywele zilikuwa nyeusi tititi, zimelemea uso wote. Nikasema nizipunguze uzito kwa vidoa vidogo vidogo vya mwanga, hapa na pale, kwa ncha ya spoki nyembamba. Nilikuwa najua kabisa vidoa vya mwanga kwenye nywele vinaitwaje na watu wa kawaida. Lakini mkono ukishaanza kusawazisha hausikii.

"Mbona leo umenyamaza?" bibi akauliza.

"Nipo kwenye sehemu ngumu."

"Umenyamaza tangu yule mhandisi ajikate."

Siku ya tatu nikapaka wino. Nikaweka karatasi, nikasugua kwa kijiko, nikiomba Mungu afanye kwenye karatasi kile ambacho mimi sikukifanya kwenye mti. Nikabandua. Bibi akanyoosha mkono, akaichukua, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama. Akaitazama picha ya ukutani. Akaitazama tena karatasi.

"Mjukuu," akasema, "nilikuomba umnakili mume wangu. Wewe umeniletea baba mkwe."

Nikasema wino wa siku ya kwanza huwa na makunyanzi kidogo, ukikauka hujinyoosha.

"Hata baba mkwe alikuwa akisema hivyo hivyo," akajibu, na akarudi kwenye kiti. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, hasira nimezoea. Aliishika ile karatasi kwa muda, halafu akaiweka juu ya kibao na kuvisogeza vyote upande wangu. "Huyu simdai wala hanidai. Wangu ni yule pale ukutani. Chukua na kibao chako, siwezi kukaa nacho. Nitaamka siku moja nikidhani ni mkwe amerudi, nianze kumchotea maji."

Akanipa mfuko wa michembe nimpelekee mwenzake. Nilipofika uani akaniita tena.

"Simu yako," akasema. "Imemaliza Agano la Kale, sasa ichukue."

Kivukoni sikusalimiana na mtu. Nilikuwa na mambo matatu ya kuchagua. La kwanza, nipitilize Buzuruga, nichonge kibao kipya kwa kukumbuka. Lakini picha nilikuwa nimeiacha ng'ambo na bibi asingenifungulia mlango mara ya pili kwa kazi ileile, na mimi siyo mtu wa kubuni mashavu. La pili, nimwambie bi mdogo kwamba picha ya Sengerema imeharibika. Hilo wangelimaliza Jumapili kwa simu. La tatu ndilo nililolichagua: nimpe karatasi nikiwa nimesimama, nianze kusifu kazi kabla hajaitazama, niondoke na kelele zangu. Njia hiyo imenisaidia mara nyingi maishani, sioni haya kusema.

Lakini kila nilipoipanga sentensi ya kwanza, niliyaona yale macho yakifumbwa na mtu akichelewa kuja. Mama yule hakuwa na karatasi nyingine ya kusubiri. Nilikuwa nampelekea mtu aliyebaki na viatu sura ya mtu ambaye viatu si vyake.

Nilifika Pasiansi mchana. Nyumba yake iko mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona mawe, na katikati ya mawe ziwa. Akanikaribisha chai. Nikasema sikai. Akasema hajaniuliza kama nakaa. Nikakaa. Nikampa michembe kwanza, akaicheka, akasema mwenzake bado anadhani Pasiansi kuna njaa.

"Haya, lete."

Nikatoa karatasi kwenye bahasha nikaanza, "Mama, kazi hii imechongwa kwa mtindo ambao hata huko Dar—"

Akaninyooshea kiganja. Akavaa miwani. Akaiweka karatasi mezani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nilitazama sakafu. Ilikuwa imesakafiwa vibaya, kona moja imetitia, nikaanza kuhesabu nyufa ili nijue zinahitaji saruji kiasi gani.

"Hili," akasema, na kidole chake kikawa kwenye mfereji wa kwanza, ule wa mhandisi. "Hili ni la chumvi."

"La nini?"

"Daktari alimkataza chumvi. Nikaificha. Miaka minne alikuwa anakaa hapo ulipokaa, anaonja mboga, anafanya mdomo hivi." Akaubana mdomo wake, na wallahi, mtu niliyemchonga akanitazama kutoka kwenye uso wa mkewe. "Hivi. Halafu anasema, 'Mama, hii mboga imepikwa na nani?' Anajua ni mimi. Tuko wawili nyumba nzima."

Akacheka kidogo. Kidole kikapanda pembeni ya jicho, kikapita kwenye paji la uso, kikaingia kwenye nywele, kwenye vile vidoa vyangu vya mwanga. Hapo kikakaa. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, ikabidi aifute tena.

Kisha akaniuliza neno ambalo sikuwa nimelipangia jibu.

"Ulijuaje?"

Nikarudi kwenye nyufa zangu za sakafu.

"Nimeiona ile picha ya ukutani, fundi. Nimeiona mara ngapi kwenye misiba na harusi. Pale ni kijana, simjui. Nilikuwa najua utaniletea yule kijana, nikasema basi, nitamzoea, bora sura ya ujana kuliko viatu. Wewe umeniletea mwenyewe. Mwenzangu ndiye aliyekuelekeza? Alikwambia mzee alikuwa akikunja uso hivi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningesema neno moja tu, kwamba fundi wa kweli huona uzee ndani ya ujana kama unavyoona maharage ndani ya ua lake. Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni, na ni nzuri, ninyi wenyewe mnaiona. Angeamini. Angeieleza Pasiansi yote. Lakini yule mama alikuwa ameniangalia kama mtu anayeulizia njia, na mtu anayeulizia njia humdanganyi, hata mimi.

"Nilikosea," nikasema. "Nilikuwa najisifu kwa bi mkubwa, chuma kikateleza. Halafu nikawa nasawazisha. Bi mkubwa ameikataa, amesema ni baba mkwe wake. Hakunielekeza mtu."

Kisha akaanza kucheka, na hakuwa mtu wa kucheka kwa haraka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Baba mkwe," akasema. "Mwenzangu huyo. Alimwona mzee kwa mara ya mwisho akiwa amefunikwa, walimkataza kufunua. Mvi alizijua, makunyanzi haya yalikuja mzee akiwa huku. Yeye anaye yule kijana wa mashavu." Akajifuta macho. "Wala usione haya, fundi. Hata huyu mwenyewe alifika kwangu kwa kukosea. Alikuwa anatafuta nyumba ya fundi cherehani, akabisha hapa. Nikamwambia cherehani ni nyumba ya tatu. Akasema ameshachoka kutembea."

Nikaona sasa heshima yangu inaweza kusimama tena, nikamwambia kwamba, kwa kuwa amependa, nitamchongea kingine bure, kwenye mchungwa bora zaidi, kwa utulivu, mistari ile ile lakini iwe imekusudiwa. Huo mfereji wa kushoto, nikamwonyesha, una mkia pale chini ulipotoka nje ya njia. Na paji la uso mistari haijaachana sawa. Mtu anayejua kazi akiiona atasema fundi alikuwa amelewa.

"Usimguse."

"Ni kurekebisha tu, mama."

"Ukimrekebisha atakuwa mtu mwingine, na mimi nimeshamzoea huyu. Kunywa chai."

Nikanywa. Akaibandika karatasi ukutani, mahali pa kuiona akiwa amelala kwenye kochi, akarudi, akakaa, akafumba macho pale pale mbele yangu. Baada ya kidogo akafumbua.

"Amewahi," akasema.

Nimechonga nyuso nyingi tangu siku ile. Nimemchonga mbunge mstaafu, na mashavu yake yametoka laini mpaka mwenyewe akauliza kama sikumpunguza umri. Kwa mkono hakuna anayenifikia, hilo narudia. Lakini watu wakija kibandani kunitafuta, wengi wao huniambia wametumwa na mama wa Pasiansi, wameona kwake kazi ambayo hawajaona mfano wake, uso ambao unakaribia kusema. Hawamtaji mbunge. Wananitaka niwafanyie kama ile.

Nikipita Pasiansi humsalimia. Lazima nikae, lazima ninywe chai. Huwa naomba kile kiti kinachotazama mlango, nasema napenda upepo wa ziwa, na yeye hunipa bila kubisha, anajua. Nikikaa kile kingine nauona ule mkia chini ya mfereji wa kushoto, na vidole vyangu vinaanza kutafuta spoki mfukoni.